Mbia wa Miaka Sita

Bwana Ngwilizi, tajiri wa mabati pale Muheza, alimwandikisha bintiye Zamda, mwenye miaka sita, kuwa mbia wake, ili faida ihesabiwe ya watu wawili na kodi ipungue. Kwenye mkataba, Zamda alitia sahihi kwa kuchora paka.

"Huyu ana mamlaka kweli?" afisa wa kodi aliuliza.

"Kamili! Ananunua, anauza. Andika!"

Afisa aliandika. Bi Siwema, muuza maandazi ambaye paa lake lilikuwa likivuja, alikuwa akimmiminia chai.

Kesho yake afisa aliporudi, alimkuta Ngwilizi akifoka.

"Mama huyu kaniibia mabati ishirini!"

"Nimenunua, baba," Bi Siwema alisema, akatoa risiti ya duka yenye paka yuleyule. "Mbia wako kaniuzia kwa maandazi matano."

"Zamda ni mtoto! Anajua nini kuhusu biashara?"

Afisa alichomoa kalamu. "Niandike hivyo, bwana? Kwamba ni mtoto, si mbia, na kodi yote ni yako?"

Ngwilizi aliitazama kalamu. "Mauzo ni halali," alinong'ona.

"Basi niitie mbia wako," Bi Siwema alisema. "Nimesahau misumari."