Kuonja Si Kula

Haya, nyamazeni. Nina jambo limenikwama kooni, na leo mtanisaidia kulitema, maana mimi limenishinda.

Palikuwa na mama huko Tanga, Bi. Mwanakheri, mpishi wa shughuli. Harusi asiyoipika yeye, watu walikula kwa adabu tu. Alizaa watatu, na kila mmoja alijaliwa chake. Hatibu alijua kutengeneza programu za simu. Zaituni alisomea lishe. Ukimwonyesha kitumbua anakwambia kina kalori ngapi. Mwanaidi, aliyebaki nyumbani na mama, alijaliwa kuona yale ambayo wengine huyapita.

Sukari ikampanda mama. Jicho moja likafa, la pili likaingia ukungu, akawa hatambui tena sura za wanawe. Daktari akasema, "Hili lililobaki naweza kulipasua, lakini si kwa sukari hii. Ishusheni kwanza, na msichelewe."

Hatibu akatengeneza programu ya kuhesabu chakula cha mama. Kwa kuwa mama haoni, akaifanya iseme. Kila baada ya mlo simu iliuliza, "Mama, umekula nini?" Mama akijibu, simu inajumlisha, kisha inamwambia, "Leo basi, mama. Kilichobaki ni maji." Mwanzoni ilikuwa ikiuliza sahani ngapi, na nyumba ile watu hula sinia moja. Hatibu akaibomoa, akaijenga upya ihesabu matonge.

Lakini programu bila vipimo ni debe tupu. Zaituni ndiye aliyeijaza. Akapima tonge la mama, upawa wa mama, chapati za mama zinazochuruzika mafuta. Mkate wa kumimina haukuwamo katika vitabu alivyosomea, akaupima mwenyewe.

Wakangoja. Simu ikasema mama anakula kidogo kuliko mtoto aliyeachishwa ziwa, na sukari haikushuka. Hatibu akalaumu vipimo vya Zaituni, Zaituni akalaumu programu ya Hatibu, na jicho likazidi kufifia. Jamani, inauma kuhangaika hivyo na jambo lisisogee.

Ndipo Mwanaidi akafuatana na mama kwenye shughuli, akakaa naye jikoni. Bi. Mwanakheri hakuiona tena sufuria, kwa hiyo alipika kwa ulimi: upawa wa pilau, kipande cha nyama, halua, na halua tena. Jioni simu ikauliza amekula nini.

"Sijala," akajibu, na hakusema uongo.

"Mama, na vile vya jikoni?" Mwanaidi akauliza.

"Vile nimeonja, mwanangu. Tangu lini kuonja kukawa kula?"

Basi Hatibu akaiongezea simu swali: "Na umeonja nini?" Zaituni akapima maonjo. Mwanaidi akawa ndiye anayeonja, mama anamwuliza tu chumvi. Sukari ikashuka, jicho likapasuliwa.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi ningependa.

Daktari hakuwaficha. "Ataona, lakini kwa muda gani, sijui. Mishipa imechoka. Huenda ikavuja leo hii, na ikivuja sina tena la kufanya." Na nesi akasema, "Wakati wa kufungua bandeji anaingia mmoja tu."

Wakamwuliza mama anataka kumwona nani.

"Nimewazaa kwa uchungu ule ule," akasema, bandeji jichoni. "Msinichagulishe. Siwezi."

Hatibu akasema, "Bila programu yangu, tungekuwa tunabahatisha."

Zaituni akasema, "Bila vipimo vyangu, ingehesabu hewa."

Mwanaidi akasema, "Bila mimi, mngekuwa bado mnalaumiana." Kisha akaanza kulia, na wakubwa wake nao, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba wenzake wanasema kweli.

Maji yamezidi unga, ndugu zangu. Msiniambie waingie wote. Nesi kasimama mlangoni. Msiniambie wapige kura. Kila mmoja atajipigia mwenyewe. Wala msiniambie wasubiri zamu, kwani jicho lile huenda lisifike zamu ya pili.

Nesi ameshashika mkasi. Haya, wewe uliyezaliwa na mama: ungemwingiza nani, na wawili wanaobaki nje ungewaambia nini?