Fisi na Mawingu Yasiyonyesha

Mwenye kukohoa akohoe sasa, nikianza sisimami. Mwaka huo mvua iligoma, bondeni likabaki bwawa moja tu. Juu yake yalitanda mawingu ya chini, mabonge mabonge kama uji wa mkaza mwana mvivu. Hayakunyesha. Yalikaa tu, kutwa.

Fisi aliwatazama kambale wanene majini, tumbo likamnguruma. Bwawa likikauka, akawaza, wote wangu, na wala sitalowa. Akaenda kwa Simba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unanuka."

"Ndiyo, mzee, lakini angalau naamkia. Yale mawingu yamekukalia kichwani mwezi mzima. Salamu hakuna, mvua hakuna!"

Simba akavimba. Akapanda kichuguu, akayangurumia siku mbili, hadi sauti ikawa ya mbuzi. Siku ya tatu upepo ukageuka, kama ugeukavyo kila mwaka, ukayasomba mawingu.

"Mmeniona?" Simba akauliza kwa sauti ya kukwaruza. Wanyama wakapiga makofi, wajinga wale.

Sungura hakupiga. "Mzee, mawingu yale yalikuwa yakilirudisha jua huko huko juu. Sasa litatushukia lote, na maji ya kunywa ni haya tu."

"Kafundishe wanao!" Fisi akamkata kauli.

Jua likashuka kweli kweli. Siku nne tu, bwawa likawa dimbwi. Fisi akajitosa topeni. Akamkosa kambale wa kwanza, akamkosa wa pili. Kwa kuogopa asije mwingine akamuwahi, akalala wima palepale. Kesho yake mchana, tope lilikuwa tofali na miguu yake imo ndani.

"Mawingu!" akalia. "Rudini jamani, naungua! Nilitaka kambale tu, sikutaka kufa!"

Simba alikuwa ukingoni akinywa. Akainua kichwa. "Kambale?"

Fisi akavuta miguu akimbie. Alikuwa amechelewa.

"Tumchimbue, mzee?" Sungura akauliza.

"Mwache. Sauti yangu imekwenda kwa ajili ya tumbo lake."

Wiki ya pili upepo ukarudi na mawingu. Hayakunyesha; yalitoa manyunyu ya kulowesha pua tu. Ila jua likapoa, na dimbwi likawatosha hadi masika. Nawe unayelinunia kila wingu lisilokunyeshea, uliza kwanza linakukinga na nini.

Tope lilipolegea kidogo kidogo kwa manyunyu yale, Fisi alijing'oa, akaacha kucha tatu. Alikuwa amekonda hivi kwamba alipopita kando ya dimbwi, kambale hata hawakujisumbua kukimbia.