Bi Pimbi na Kompyuta ya Bwana Kiboko

Jamani, nimefika!
Tumekuona!
Nimebeba kitu!
Kitue!
Ni kizito!
Tutakushika!

Basi sogeeni. Hapo kale, wanyama walipokuwa na chaji kwenye simu zao, palikuwa na bonde kavu linaitwa Mtambalale. Kutafuta maji huko, utazunguka mpaka ulimi ukufike magotini. Wanyama wakaungana, wakatengeneza programu, wakaiita Kiu Kwisha. Ukiibonyeza, ti! inakuambia leo maji yako kisima gani. Ilikuwa programu huria: yeyote aitumie bure, yeyote aifungue aone utumbo wake, na yeyote akiona kasoro airekebishe.

Huria ya mdomoni, lakini. Marekebisho yote, ya jana na ya zamani, yalikaa kwenye kompyuta moja tu, na hiyo kompyuta ilikaa kwa Bwana Kiboko. Wengine wote simuni walikuwa na programu ya leo peke yake. Ukitaka kurekebisha hata nukta, sharti uende kwa Kiboko akufungulie.

"Hodi!"

"Umeleta nini?"

"Nimeleta rekebisho."

"Linaliwa?"

"Haliliwi, bwana."

"Basi subiri."

Na Kiboko anaendelea na tikiti lake, mcha-mcha-mcha. Aliyekuja na tikiti alifunguliwa. Aliyekuja mikono mitupu alisubiri mpaka akaota kuvu.

Miongoni mwa walioandika Kiu Kwisha alikuwamo Bi Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini. Mkia hana, ulimi anao.

Siku moja Mamba akahamia kisima cha Kwamto. Programu haikujua. Ngiri akabonyeza, ti! "Kwamto maji yapo, karibu." Akaenda, akainama anywe, kwapu! Alirudi mbio na mkia nusu.

"Twende kwa Kiboko," Bi Pimbi akamwambia. Wakaenda.

"Hodi!"

"Mmeleta nini?"

"Rekebisho, bwana! Kwamto kuna Mamba!"

"Linaliwa?"

"Haliliwi," Bi Pimbi akasema, "lakini sisi tunaliwa!"

"Basi subirini." Mcha-mcha-mcha.

Wakasubiri. Mara Bi Pimbi akamwona Kanga kwa mbali, simu mkononi, vifaranga nyuma, anaelekea Kwamto. Alikimbia bila kuchagua mwiba. Alimkamata Kanga bawa ukingoni kabisa mwa kisima, na kifaranga mmoja alikuwa ameshaingiza mdomo majini.

Aliporudi majabalini alimkuta Ngiri amechoka kumsubiri Kiboko. Ngiri akasema, "Tumwachie kompyuta yake. Tuanze upya."

"Tuanze na nini, shemeji? Visima vya ule ukame mkubwa alivitafuta marehemu Babu Kakakuona, na vimo kwenye marekebisho ya zamani tu. Ukame ukirudi tutakunywa jasho lako?"

"Sasa?"

"Tuhame na kila kitu. Kila mnyama awe na programu nzima, ya leo na ya tangu mwanzo. Ukirekebisha kwako, unampa jirani, jirani anampa jirani."

"Kiboko hatakubali."

"Akiombwa hatakubali," alisema Bi Pimbi. "Kwani nimesema nitamwomba?"

Asubuhi akaenda peke yake.

"Hodi!"

"Umeleta nini?"

"Nimeleta masikitiko."

"Yanaliwa?"

"Kidogo, ila yana uchungu."

"Yatoe."

"Bwana Kiboko, huko bondeni vijana wanaulizana Kiboko ndiye nani. Na jina lako limo kwenye kila rekebisho! 'Limefunguliwa na Bwana Kiboko.' 'Limefunguliwa na Bwana Kiboko.' Tangu siku ya kwanza! Lakini nani analiona? Wewe tu, humu ndani."

Kiboko aliacha kutafuna. "Hawalioni?"

"Watalionaje, na wana ya leo tu? Ungempa kila mmoja nakala nzima, jina lako lingelala kila shimo na kila kiota. Lakini basi, tuache. Ni kazi nzito, huiwezi."

"Siwezi? Mimi huyu?"

"Na ufunguo unabaki kwako, lakini."

"Kwangu! Ubaki kwa nani mwingine? Waite!"

Wakaja wote, tembo mpaka sisimizi, wakapanga foleni. Ti! Ti! Ti! Kila aliyepewa, Kiboko alimuuliza, "Jina linaonekana?"

"Linaonekana, bwana!"

Jua halijazama, Bi Pimbi alikuwa ameandika kwenye simu yake: "Kwamto kuna Mamba, usiende." Akampa Ngiri, ti! Ngiri akampa Kanga, ti! Kanga akampa Twiga, ti! Bonde zima likajua. Mamba akakaa Kwamto mdomo wazi, hata chura hakutokea, njaa ikamhamisha.

Kwa Kiboko nako kimya. Hakuna hodi, hakuna tikiti. Tumbo lake likanguruma, ngurrrr! Akatoka nje akapaza sauti, "Leo nafunga! Harekebishi mtu!"

"Sawa, bwana!" wakaitikia, huku wanarekebisha.

"Nimefunga kweli!"

"Asante, bwana!"

Akaona hapana, hawa wanataka kuiiba kompyuta. Akaingia nayo bwawani, akailalia. Bluu-bluu-bluu! Kompyuta ikafa.

Hapo Kiboko alilia kilio cha kweli. "Kazi yote imepotea! Jina langu lote!"

Bi Pimbi alimwonea huruma. Akamletea simu. "Haijapotea hata nukta. Kila mmoja wetu anayo. Chukua nakala yako, ujisome."

Kiboko akajisoma, akafurahi, akarudi majini kulinda. Mpaka leo ukimwona amezama hadi machoni, mara anafungua mdomo aaaah, usidhani ni miayo. Anatangaza, "Nimefunga!"

Hadithi yangu imekwisha njia, imeingia nyumbani, imefunga mlango.

Na fundisho lake, wakubwa kwa wadogo, ni hili: kitu cha watu wote kiwekeni kwa mmoja, tena awe mnene, tena akilalie, kisije kikapotea. Anayepinga aje anieleze. Ila aje na tikiti, maana mimi husikia vizuri nikiwa natafuna.