Mlonge wa Bomani kwa Mjomba

Sogeeni karibu, na mwenye roho nyepesi amshike mwenzake mkono, maana hadithi hii ina damu.

Katika nchi kavu ya uwele waliishi marafiki watatu. Nyendo alijua majani: ungemfumba macho ukampa jani atafune, naye angekutajia mti wake. Ndahani alijua rungu. Senyagwa alijua chungu. Dawa iliyopita mikononi mwake haikupoteza nguvu. Wa nne alikuwa Malogo, asiye na kipawa chochote isipokuwa kupendwa na hao watatu.

Mwaka wa njaa walivamiwa na wezi wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya korongo. Katikati ya moshi Malogo akachomwa mkuki wa paja. Aliyemchoma ni Mhembano, mmoja wa wezi hao, kaka wa mama yake Malogo, ambaye hakumtambua. Kidonda kikagoma kufunga. Malogo alilala akinusa nyama yake mwenyewe ikioza, akaogopa kufa, akalia bila haya.

"Hana cha kujengea nyama," Nyendo alisema. "Anakunywa uji mtupu wa uwele. Huyu anataka majani ya mlonge."

Wenye maabara siku hizi wangetaja asidi amino, vile vijitofali ambavyo mwili hujengea nyama. Jani la mlonge linavyo vile vilivyopungua kwenye uwele. Nyendo hakujua jina hilo. Alijua tu kwamba ukame umeua milonge yote, umebaki mmoja, bomani kwa Mhembano.

Wale watatu wakaingia mchana, wenyeji wengi wakiwa malishoni. Lakini Mhembano si mjinga: ubavuni mwa mlonge alipanda mti wa sumu unaofanana nao, matawi yakaingiliana. Nyendo akaonja tawi baada ya tawi, akitema damu, mpaka akapata majani ya kweli, akayatia kikapuni. Ulimi wake ukafa palepale. Hata chumvi haitambui tena.

Walinzi wakawafuma. Ndahani akawapokea kwa rungu, akampasua kichwa mzaliwa wa kwanza wa Mhembano. Panga likashuka, kiganja chake cha kulia kikaanguka mavumbini. Akabeba kikapu kwa mkono wa kushoto, wakakimbia.

Senyagwa alitandaza majani ndani ya nyumba yake, kwani jua kali lingeyaharibu. Kabla hayajakauka, wenye boma wakaja wakatia moto paa. Mle ndani mlikuwa na akiba yake yote ya chakula. Akaiacha, akatoka na ungo wa majani, vidole vimeungua vikashikana. Kwa mikono hiyo hiyo akatwanga, akakoroga uji, akamnywesha mgonjwa kila siku.

Kidonda kikafunga. Siku Malogo aliposimama, Mhembano alikuwa mlangoni na watu wake wenye mikuki.

"Mpwa wangu, nilikuchoma bila kujua. Kwa mila nina deni kwako, roho moja. Lakini damu ya mwanangu nayo inawadai hawa watatu walioniingilia bomani. Chagua mmoja apone. Wawili nawachinja hapa hapa."

"Nichinje mimi, mjomba."

"Mjomba hamuui mpwa wake. Chagua!"

"Bila mimi ungekula sumu," Nyendo alisema kwa ulimi mzito.

"Bila mimi majani yangebaki kule bomani," Ndahani alisema.

"Aliyeua ni wewe!" Senyagwa akamkemea. "Mimi sikumgusa mtu. Na bila mimi yangekuwa majivu."

Malogo aliwatazama mmoja mmoja: ulimi, kiganja, vidole. Paja lilikuwa zima kabisa chini yake, naye akatamani lioze upya. Mikuki ikainuliwa. Akanyoosha kidole.

Wasikilizaji, mimi hapo ndipo ninapoishia kila mara, maana sijui kilielekea kwa nani. Je, kingekuwa kidole chako, ungemwonyesha yupi? Na wale wawili ungewaambia nini?