Bi Monghi na Mgeni wa Siku ya Lakshmi

Wametuhadithia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa wafumaji, huko Gujarati, aliishi mjane mchamungu, Bi Monghi, pamoja na Devkunvar, mke wa mwanawe. Kila mwaka, siku ya Lakshmi, mungu wa kike ambaye Wahindu humwabudu majumbani mwao kwa kuwa ndiye mleta neema na riziki, Bi Monghi alisiriba sakafu upya na kupamba madhabahu yake ndogo kwa maua. Miaka arobaini hakuikosa ibada hiyo.

Mwaka huo ukame ulikuwa mkali. Pamba haikupatikana, na mwanawe wa pekee alikuwa ameondoka kutafuta kibarua. Matumaini yote ya nyumba yakawa katika ibada ile.

Alasiri, wali wa maziwa wa kumtolea Lakshmi ukiwa jikoni, mwanamke mgeni akaanguka mlangoni, uchungu wa uzazi umemshika. Nyumba zote za mtaa zilikuwa zimemkataa.

Devkunvar akanong'ona, "Mama, akijifungua humu nyumba itaingia unajisi. Hatutaigusa madhabahu siku kumi. Na mwaka huu, Mama! Mwaka huu!"

Bi Monghi aliitazama madhabahu. Kisha akasema, "Najua, mwanangu. Mshike mkono huo, mimi nimshike huu."

Wakamlaza ndani. Bi Monghi akaifunika sanamu ya Lakshmi kwa kitambaa, machozi yakimtoka. "Niwie radhi, ewe mtukufu. Nilikuwa nimekuandalia."

Kabla ya magharibi akazaliwa mtoto wa kike. Mzazi akageukia ukuta. "Huyu ni binti wa nne. Baba yake atanifukuza."

Kwao, binti akizaliwa, majirani husema Lakshmi ameingia nyumbani. Bi Monghi alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi, kwa adabu tu. Safari hii, mtoto akiwa mikononi mwake, aliyaona ni kweli.

"Devkunvar," akaita, "lete ule wali. Mwenyewe amefika, na mamaye ana njaa."

Mvua haikunyesha mwaka ule, na mwanawe alirudi mikono mitupu. Lakini baba wa mtoto alipokuja, Bi Monghi alimlaki mlangoni kwa pongezi na shada la maua, kama anavyolakiwa mtu aliyetunukiwa, hata yule bwana akaona haya, akampokea binti yake kwa mikono miwili.

Nasi tunaoomba riziki, kila mmoja kwa njia yake, tujiulize: alasiri ile, tungefungua mlango?