Matawi ya Atuganile

Tawi huwekwa kabla ya kona. Jana mliisikia kwenye mkutano wa wachuma chai, watu wakapiga makofi, ninyi vijana mkabaki mnatazamana. Leo mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwapo.

Miaka ile shamba lilitusomba kama mizigo. Lori lilikuwa kuukuu, breki zake za kubembeleza, taa ya nyuma moja, nayo haiwaki. Tulisema. Tukasema tena. Meneja akatujibu kwamba chai haichumwi kwa midomo. Maneno hayo ninayo mpaka leo, nimeyatunza kuliko cheti changu cha ndoa.

Asubuhi moja ya ukungu tulikuwa tunateremka mlima kwenda shambani, watu thelathini na mmoja tumesimama bodini, ekseli ikakatika. Lori likakaa palepale katikati ya barabara, hatua chache tu baada ya kona kali. Upande mmoja mlima, upande wa pili korongo. Dereva wetu, Mwasomola, aliweka jiwe kwenye gurudumu, akakata matawi mawili ya tahadhari kwa panga lake, akayatupa nyuma ya lori, karibu kabisa. Ndivyo walivyofanya madereva wengi. Walitaka tawi lionekane ni la gari lao.

Nyapara wetu, Ambokile, alitoa kichwa kwenye dirisha la kabini. "Hashuki mtu! Gari lingine linakuja. Mkishasambaa nitawakusanya kwa filimbi?"

Hapo Atuganile akarusha mguu juu ya ubao wa bodi. Alikuwa mwanamke mwembamba, si msemaji sana, mjane mwenye watoto wanne waliokula kwa kazi ile tu.

"Wewe mama! Unakwenda wapi?"

"Kuweka matawi."

"Huyaoni hayo yaliyowekwa?"

"Nayaona, kwa kuwa nimeshaliona lori. Anayetoka kule juu hataliona lori wala matawi mpaka ameshatufikia. Baba yangu alikuwa utingo wa malori maisha yake yote, Nyapara. Alinifundisha kwamba tawi si la anayeliona gari. Ni la asiyeliona."

"Wewe mchuma chai, si trafiki! Ukigusa ardhi, kesho usije kazini."

Kila mtu alijua watoto wanne wale. Atuganile naye alijua. Akaruka chini.

"Basi nifukuze nikiwa hai," akasema. "Shemeji Mwasomola, nipe panga." Kisha akatugeukia sisi. "Na ninyi mnangoja nini, kibali? Shukeni! Pandeni mlimani, msikae upande wa korongo, wala msisimame nyuma ya lori!"

Akashuka mmoja. Wakashuka wawili. Kisha bodi yote ikamwagika, bibi kizee mmoja akapokewa mikononi kama kapu la mayai. Atuganile alikwisha kupotea kwenye ukungu. Tulisikia panga likikata mkaratusi, mbali, ng'ambo ya kona. Aliweka matawi mahali patatu, pa mbali kabisa hatua mia mbili na zaidi. Ambokile alibaki kabini, amekunja mikono, akituita mbuzi.

Halafu tukasikia ngurumo. Lori la magogo lilikuwa linateremka, limejaa, kwa kasi ya mtu anayeijua njia. Ghafla injini ikabadili sauti: gia ikashushwa, ikashushwa tena, breki zikalia. Lori likajitokeza konani likitambaa, likasimama. Kati ya pua yake na bodi yetu, ng'ombe mmoja angepita, wa pili asingepita.

Dereva wake akaruka chini, akatujia. "Nani ameweka yale matawi juu?"

Tukamwonyesha Atuganile, anarudi na panga begani. Yule bwana akavua kofia. "Ndaga, mama. Ndaga fijo, asante sana. Breki zangu zimekula barabara yote ile. Ningeanzia hapa konani..." Akachungulia kabini kwetu. "Kumbe na huyu alikuwa ndani?"

Ambokile alishuka, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Tulicheka mpaka mlima ukaitikia.

Lakini mtu wa aina hiyo hajifunzi upesi. Tulipofika ofisini alifungua daftari aandike jina la Atuganile, aliyekaidi amri. Mimi nikasema, "Andika na langu." Mwasomola akasema, "Na langu." Sauti thelathini, na ya dereva juu yake. Meneja akatoka, akatazama uwanja, akaona hakuna hata mmoja anayekwenda kuchuma. Daftari likafungwa. Na hatukuondoka pale mpaka alipokubali: kila lori liwe na utingo na taa za nyuma zinazowaka, na gari likiharibika, watu washuke kwanza.

Tangu siku ile, mtu akituambia tungoje kwanza tuone kama hatari ipo kweli, tunamjibu kama alivyotuonyesha yule mjane kwa panga: tawi huwekwa kabla ya kona.