Domo Linalomaliza Viazi vya Bi Nguchiro

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa kichuguu!
Cha nani?
— Cha Bi Nguchiro!
Taratibu jamani! Alikuwa hajamaliza kukilipia.

Kichuguu kile Bi Nguchiro alikinunua kwa Bwana Ngiri kwa vikapu kumi na viwili vya viazi, kila mwezi ukiandama kikapu kimoja, viazi mia. Akikosa hata mwezi mmoja, yeye na wanawe nje! Kumi alikwisha kuvilipa. Kila asubuhi alisimama mlangoni, shingo juu, akasema, "Hapa ni kwangu!"

Na kila Ijumaa Ngiri alikuja kukumbushia deni. Kwata-kwata! Kwata-kwata!

"Hodi!"

"Karibu, Bwana Ngiri."

Kwa kina Nguchiro mgeni haondoki na njaa, ng'o! Sinia likaletwa, Ngiri akapiga magoti kama walavyo ngiri wote, mafu-mafu-mafu, sinia jeupe.

Mwezi wa kumi na moja ukaandama, kikapu hakikujaa. Ijumaa Ngiri akaja, akala kwanza.

"Mnakula mno!" Ngiri akafoka, viazi vimemjaa mdomoni. "Nataka hesabu ya nyumba hii, la sivyo nje! Kuna domo humu linawamaliza!"

"Tukilipata, tulifanyeje?"

"Mlitoe! Tena lilipe kila lilichokula!"

"Haya. Njoo Ijumaa ijayo useme hivyo hivyo mbele ya majirani."

Ijumaa ikafika, majirani wakajaa tele. Ngiri akasema hivyo hivyo, kwa sauti kubwa, kisha akapiga magoti kwenye sinia lake. Bi Nguchiro akaleta kokoto. Kiazi kimoja, kokoto moja.

"Kwa wiki, mimi saba." Ting, ting, ting! "Mume wangu saba. Watoto saba saba. Bibi hana meno, nne."

"Nani tena?" akauliza Ngiri, mafu-mafu.

"Mgeni wa Ijumaa." Ting, ting, ting, ting! Mikono ikamchoka. "Hamsini!"

"Lo! Mlafi mkubwa huyo! Atoke! Alipe!"

Majirani wote wanamtazama yeye. Mafu-mafu ikakoma.

"Ijumaa arobaini za miezi kumi," akasema Bi Nguchiro, shingo juu, "ni vikapu ishirini. Nakudai viwili tu, vya kumalizia nyumba. Kumi na nane nimekusamehe. Sisi si watu wa kumsimbulia mgeni alichokula."

Wee! Vigelegele vikapasua anga. Ngiri akainuka, mkia umesimama, anatafuta njia.

"Unakwenda wapi, Bwana Ngiri? Kaa umalize chakula."

"Nimeshiba!" Siku hiyo ndiyo ya kwanza kulisema neno hilo.

Funzo, wenzangu: ukidaiwa, usijisumbue na hesabu za nyumba. Mpikie tu anayekudai, ale mpaka deni liishe!

Hadithi yangu imeingia kichuguuni. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, mpelekeeni Ngiri. Yeye hachagui.